Semista sita na kundi la WhatsApp: nilipoacha kujibu haraka ndipo darasa lilipoanza kufundishana

#1 ChakiVumbi (mtoa mada)

Wakuu, heshima kwenu.

Nafundisha takwimu mwaka wa kwanza chuo kikuu. Si wale wanaosomea takwimu yenyewe. Wangu ni mchanganyiko: wa biashara, wa afya, wa sayansi ya jamii, watu ambao wengi walidhani hesabu wameshaagana nazo sekondari. Darasa linafika watu 180. Ukumbini anayenyoosha mkono ni yule yule wa safu ya mbele, wiki hadi wiki.

Miaka mitatu iliyopita nilifungua kundi la WhatsApp la kozi. Mfumo wa chuo upo na nyaraka zote ziko humo, ila wanafunzi walikuwa wanauingia mara mbili kwa semista: siku ya kukusanya kazi na usiku wa kuamkia mtihani. WhatsApp wapo tangu wanafumbua macho. Nikaona bora niwafuate walipo.

Semista ya kwanza nilijiona shujaa. Swali likiingia, dakika tano nimejibu. Saa tano usiku, nimejibu. Jumapili asubuhi, nimejibu. Tathmini ya wanafunzi ikaja nzuri kuliko miaka yote niliyofundisha. Mtihani ukaja, matokeo yakawa yale yale ya siku zote.

Nikapitia mazungumzo yote tangu wiki ya kwanza, kalamu mkononi. Nilichokiona kiliniaibisha. Waliokuwa wanauliza hawakufika hata kumi na tano. Maswali yenyewe yalijirudia, kwa sababu jibu la wiki ya pili lilishazikwa chini ya stika za heri ya kuzaliwa. Na kila nilipojibu, mada ilikufa hapo hapo. Inafuata mikono miwili iliyofumbatana, "asante mwalimu", basi. Hakuna aliyebisha, hakuna aliyeongeza neno. Jakob Nielsen, mtaalamu wa matumizi ya tovuti, aliandika mwaka 2006 kwamba katika makundi ya mtandaoni watu 90 kati ya 100 hutazama tu, 9 huchangia mara moja moja, na 1 ndiye hubeba mazungumzo. Hayo ni makadirio, si sheria ya maumbile, lakini kundi langu lilikuwa linayafuata kama limeapishwa.

Semista iliyofuata nikaweka sharti moja. Swali la ratiba, chumba au tarehe linajibiwa papo hapo, na mimi au kiongozi wa darasa. Swali la somo siligusi mpaka saa 12 zipite.

Wiki mbili za mwanzo zilikuwa chungu. Mtu anauliza, tiki za bluu zinajaa, hakuna anayethubutu. Mmoja alinifuata pembeni kuniuliza kama naumwa.

Wiki ya tatu likaingia swali ambalo kila anayefundisha takwimu analifahamu: kwa nini variansi ya sampuli (kipimo cha namba zilivyotawanyika) tunagawanya kwa n−1 na si kwa n, yaani idadi ya namba zenyewe? Vitabu vingi vinasema "digrii za uhuru" kisha vinaendelea na safari yao. Mmoja akajibu, "Ni kanuni tu, ikariri." Mwingine, "Kwa sababu namba moja inapotea." Akaulizwa inapotelea wapi. Kimya. Mimi huku vidole vinaniwasha, naandika nafuta, naandika nafuta.

Saa nne usiku, binti mmoja ambaye sijawahi kusikia sauti yake ukumbini akatuma picha ya ukurasa wa daftari. Alichukua kundi zima lenye namba tatu tu: 2, 4 na 6. Wastani wake 4. Variansi yake 8/3, yaani kama 2.67. Kisha akaorodhesha sampuli zote 9 za namba mbili mbili, ukirudisha kila ukishachota. Akatafuta variansi ya kila sampuli kwa kugawanya kwa n, akapata wastani wa zote tisa 1.33. Nusu ya ukweli! Akarudia kwa kugawanya kwa n−1, wastani ukatua kwenye 2.67 pale pale. Chini akaandika kwa kalamu nyekundu: "Ukigawanya kwa n unajipunja."

Kundi likawaka. Wa kwanza kuuliza akauliza tena: kwa nini najipunja? Kijana wa uuguzi akamjibu kwamba unapima umbali kutoka kwenye wastani wa sampuli yenyewe, na huo siku zote uko karibu na namba zake kuliko wastani wa kweli, kwa hiyo umbali unatoka mfupi kuliko inavyostahili. Mwingine akajaribu kwa namba nne badala ya tatu ili aone kama ni bahati. Asubuhi nilipoingia nilikuta nimebakiziwa sentensi mbili za kuongeza.

"Unajipunja" imekuwa msamiati wa kozi yangu tangu siku hiyo. Naitumia ubaoni.

Hoja yangu ndiyo hii: tunapozungumzia mitandao ya kijamii kufundishia chuoni, wengi tunafikiria kupeleka mhadhara kwenye simu. Tunamwaga PDF, tunamwaga video, tunamwaga voisi. Hizo mfumo wa chuo unazibeba vizuri zaidi. Ambacho mfumo haufanyi, na ukumbi wa watu 180 hauwezi, ni kumfanya mwanafunzi amwone mwenzake akifikiri, akikosea na kujirekebisha. Wazo lenyewe si jipya. Eric Mazur pale Harvard alianza mwaka 1991 kuwaacha wanafunzi wa fizikia wajadiliane swali wao kwa wao kabla hajalifafanua. Simu imeongeza tu muda na ujasiri. Yule binti asingesimama kusema vile ukumbini.

Wadau mnaofundisha na mnaofundishwa, kwenu ikoje? Karibuni.

#2 NgojaWaje

Nimeweka kambi hapa. Wajuzi waje.

#3 KalamuNyekundu

Mkuu, simulizi tamu, lakini binti mmoja na daftari lake si ushahidi, na wewe mwalimu wa takwimu unalijua hilo kuliko mimi. Wangapi kati ya wale 180 waliusoma ule mjadala? Wangapi waliuelewa? Hujatuambia.

Halafu kuna upande wa pili ambao umeuruka. Mwaka 2010 Kirschner na Karpinski walichapisha utafiti wa wanafunzi 219: waliokuwa wanatumia Facebook waliripoti wastani wa chini wa alama na saa chache za kujisomea kuliko wasioitumia. Mwaka 2013 Sana, Weston na Cepeda wa Kanada wakaonyesha kwamba mtu anayehangaika na mambo mengine kwenye kompyuta wakati wa mhadhara anaelewa kidogo, na aliyekaa nyuma yake akiona ile skrini naye anaelewa kidogo. Ni kama moshi wa sigara: havuti, lakini anaupata.

Sasa wewe unamwambia mwanafunzi, "Somo liko kwenye simu, fungua simu." Akiifungua anakutana na swali lako la variansi limebanwa katikati ya ubuyu wa marafiki na video za vichekesho. Nani atashinda hapo?

#4 ChakiVumbi

Mkuu KalamuNyekundu, umenishika pabaya na nakubali. Sina kundi la kulinganisha, nina uzoefu tu.

Ila hao Kirschner na Karpinski walikusanya majibu ya wanafunzi wenyewe kwa wakati mmoja. Inaonyesha vitu viwili vinatembea pamoja, haionyeshi kipi kinamvuta mwenzake. Anayechoka na masomo anaweza kuwa ndiye anayekimbilia Facebook.

Jaribio lenye makundi mawili lipo. Junco na wenzake, 2011, wanafunzi 125 wa mwaka wa kwanza waliokuwa wanajiandaa kwa fani za afya. 70 kati yao walitumia Twitter kwa majadiliano na kazi za kozi, 55 hawakutumia. Waliotumia walionyesha kujihusisha zaidi na masomo, na alama zao za semista zikawa juu zaidi. Darasa dogo, somo moja, sitaki kulikuza. Ninachokipenda ni kwamba wahadhiri walikuwemo ndani wakishiriki, na kila wiki kulikuwa na kitu cha kufanya. Mwaka uliofuata Junco huyo huyo akachapisha kwamba muda mwingi kwenye Facebook uliambatana na alama za chini. Ni mtu yule yule, na mitandao ni ya aina ile ile. Kilichotofautiana ni walichokuwa wanakifanya humo.

Kuhusu ukumbini tuko pamoja. Kwangu simu wakati wa mhadhara iko mfukoni. Kundi ni la baada ya mhadhara.

#5 DawatiLaNyuma

Shikamoo Mwalimu ChakiVumbi, na wakubwa wengine humu.

Mimi ni mwanafunzi mwaka wa pili. Naomba niseme upande wetu, maana wahadhiri mkiongelea makundi mnaongea kama mlivyo nyie tu humo ndani.

Kwanza namba za simu. Siku nilipoingizwa kwenye kundi la kozi, watu zaidi ya mia mbili wakapata namba yangu bila mimi kuulizwa. Ndani ya wiki nilikuwa na jumbe za "mambo mrembo" kutoka kwa watu watatu nisiowajua. Sikuweza kujitoa, kwa sababu matangazo ya majaribio yalikuwa yanatoka humo humo. Kuna wenzangu walibadilisha picha, majina, wengine wakanunua laini ya pili kwa ajili ya masomo. Hilo halimo kwenye tathmini ya mwisho wa semista, hakuna anayeliuliza.

Pili, voisi. Jamani wahadhiri wetu. Voisi ya dakika tisa! Ndani yake dakika saba ni salamu, lawama na kikohozi, na jambo la maana liko dakika ya nane. Huwezi kuitafuta, huwezi kuipitia kwa macho, na aliyeko kwenye basi bila spika za masikioni amekosa somo. Andikeni. Ikibidi voisi, iwe ya kumsikiliza mtu anavyotamka au anavyopiga chombo, si ya kutangaza tarehe.

Tatu, bando. Kuna mwenzetu simu yake inafutwa vitu kila wiki ili ipate nafasi, kwa sababu kila picha ya kundi inajishusha yenyewe. Yeye alikuwa anasoma kwenye simu ya mwenzake chumbani. Mhadhiri akamhesabu kama "hashiriki".

Nne, na hii inamhusu mtoa mada moja kwa moja. Sharti lako la saa 12 ni zuri kwa anayejiamini. Mimi nikiuliza kitu halafu wenzangu wanakaa kimya saa 12 na tiki za bluu zinaonekana, najisikia nimeuliza ujinga. Sirudii tena.

#6 ChakiVumbi

Marahaba mwanangu, na asante. La nne limenichoma.

La namba za simu nililichelewa pia. Mwanafunzi mmoja alinifuata ofisini akaniambia hayo hayo. Semista ya nne nikahamisha maswali Telegram, ambako mtu anaweza kuficha namba yake na kutumia jina la mtumiaji. Kule anayejiunga wiki ya nne anaweza pia kurudi nyuma kusoma yote yaliyopita. WhatsApp nimeiacha kwa matangazo, wanaoandika ni admini peke yao.

Na kila jambo la lazima, tarehe, alama, maelekezo, linakaa kwanza kwenye mfumo wa chuo. Kundini naweka kiungo tu. Anayetaka kujitoa kwenye makundi yote ajitoe, hatapoteza kitu kinachohesabiwa.

Kwa kimya cha saa 12 nilipata dawa ya nusu. Kila wiki watu sita, kwa zamu, ni "wapokeaji". Hawalazimiki kujua jibu. Wanalazimika kumwambia muulizaji kitu ndani ya saa mbili: "hata mimi nimekwama hapo", au "mfano wa ukurasa fulani unafanana na hilo", au "unamaanisha hivi au hivi?" Swali likishapokelewa na mtu, linapungua aibu. Nilishangaa ni mara ngapi lile "unamaanisha hivi au hivi?" limemfanya muulizaji ajijibu mwenyewe kabla sijatia mguu.

#7 BibiSeva

Habari zenu. Mimi ndiye yule mnayemlaumu mfumo wa chuo ukizimika. Naendesha Moodle, programu ya mfumo wa masomo, miaka mingi, nakumbuka matoleo ambayo nyie mlikuwa bado shule ya msingi (Moodle ya kwanza ilitoka 2002, hesabuni wenyewe).

Nakubaliana na mtoa mada, tena naomba achape hiyo aya ya "kila jambo la lazima linakaa kwanza kwenye mfumo" abandike mlangoni kwa kila mhadhiri. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika dunia nzima kwa takriban saa sita. Jioni ile nilipigiwa simu na wahadhiri watatu waliokuwa wameweka maelekezo ya jaribio la kesho yake WhatsApp tu. Wanataka niwasaidie. Niwasaidie nini mimi? Ile si seva yangu.

Kuzimika ni afadhali, kinarudi. Kuna kufa. Google+, mtandao wa kijamii wa Google, ilifungwa kwa watumiaji wa kawaida Aprili 2019. Yahoo Groups ikafungwa Desemba 2020, na kuna idara zilikuwa na mijadala ya miaka mingi humo. Kampuni haina mkataba na kozi yako.

Na alama! Kila semista lazima nikute picha ya orodha ya matokeo, majina na namba za usajili, imebandikwa kundini na "hongereni mliofaulu". Mwalimu, umewatangazia watu 200 nani ana sapu. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya ulinzi wa data inayotumika tangu Mei 2018 inalihesabu hilo kuwa kuanika taarifa za mtu, na nchi nyingi sasa zina sheria za sura hiyo. Hata kama kwenu haipo, alama ni za mwenyewe.

Dogo la mwisho: mnaopokea kazi kwa WhatsApp, picha ikitumwa kama picha inabanwa, mwandiko wa penseli unakuwa ukungu. Mwambieni mwanafunzi atume kama hati. Au afadhali, ailete kwenye mfumo. Upo kwa kazi hiyo.

#8 NgojaWaje

BibiSeva kaja na fimbo leo.

#9 PipetiMbili

Nafundisha kemia, na mtoa mada amekwepa tembo aliyekaa sebuleni kwetu: kudesa.

Ulipofungua kundi lako, amini usiamini, siku hiyo hiyo lilizaliwa la pili ambalo wewe humo. Majibu ya kazi zako yanapita huko.

Mnaikumbuka kesi ya Toronto? Mwaka 2008, chuo kikuu kilichokuwa kinaitwa Ryerson, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza alikuwa anasimamia kundi la Facebook ambamo wanafunzi 146 walikuwa wanasaidiana kazi za kemia. Mhadhiri alikuwa ameagiza kazi zifanywe na kila mtu peke yake. Mwanafunzi akashtakiwa kwa makosa 147: moja la kusimamia kundi na moja kwa kila mwanakundi. Alikuwa hatarini kufukuzwa. Utetezi wake ulikuwa kwamba ni kile kile wanachofanya watu wakikaa mezani maktaba. Mwishowe hakufukuzwa, alinyimwa alama za sehemu ya kazi hizo.

Nimekuwa nikiitumia kesi hii kwa wahadhiri wapya, na kila mara ukumbi unagawanyika katikati. Mimi mwenyewe nimehama upande mara mbili. Zamani nilisema meza ya maktaba ina watu wanne na wanaondoka bila kuacha kitu, kundi lina watu 146 na jibu linabaki limeandikwa, kwa hiyo si kitu kimoja. Sasa nafikiri swali halikuwa la Facebook kabisa. Kama maswali kumi yale yale wanapewa watu wote, na jibu ni namba moja ile ile, mwalimu ndiye ameweka chambo.

#10 ChakiVumbi

PipetiMbili, sijakwepa mkuu, nilikuwa naogopa uzi usiwe kitabu.

Kwangu kila mwanafunzi ana data yake. Tarakimu tatu za mwisho za namba ya usajili zinaamua sampuli anayoipata. Njia ni moja, majibu 180. Wajadili njia wanavyotaka, kundini kwangu au kwenye lile la siri. Sitaki hata kuingizwa humo.

Na katika kusahihisha namwomba kila mmoja aandike mistari mitatu: nilikwama wapi, nani alinikwamua, alisema nini. Kutaja aliyekusaidia hakupunguzi alama. Mwaka wa kwanza waliogopa wakadhani ni mtego. Sasa nasoma humo majina ya wasiowahi kuongea ukumbini, kumbe ndio walimu wa wenzao.

#11 MsomaKale

Naona wote mko WhatsApp na Telegram, mitandao ya ndani. Mimi nafundisha historia, na nilitaka wanafunzi waandike mbele ya macho ya watu. Insha ninayoisoma mimi peke yangu wanaiandika kama wanalipa kodi.

Nilitumia Twitter, kabla haijaitwa X. Kila wiki mmoja wao anachukua waraka mmoja wa kale na kuueleza kwa jumbe tano. Ilipokuwa herufi 140 ilikuwa mateso mazuri. Novemba 2017 zilipofika 280 nikaona maneno ya kujazia yamerudi. Kumbana mtu kwenye nafasi ndogo kunamlazimisha aamue nini ni muhimu. Hilo halihitaji mtandao, ni kweli, karatasi ndogo ingetosha. Ambacho karatasi isingetoa ni siku ile mtu mgeni kabisa alipomuuliza mwanafunzi wangu, "Umejuaje mwaka huo? Waraka wenyewe hauna tarehe." Alikuwa sahihi. Mwanafunzi alishinda siku mbili maktaba. Mimi nilimwandikia maoni hayo hayo pembeni mwa insha muhula mzima, hakuhangaika.

Niliacha, na nitasema kwa nini. Wanafunzi wawili walitukanwa na wapita njia kwa jambo la kisiasa lililokuwa ndani ya waraka wa karne iliyopita. Mmoja aliogopa kwamba mwajiri wa kesho ataikuta. Anayejifunza anahitaji haki ya kukosea na kosa lisahaulike, na mtandao wa wazi hausahau. Kumlazimisha mtu afungue akaunti kwa jina lake halisi ili apate alama, sasa naona lilikuwa kosa langu. Ningeanza upya ningeruhusu majina ya kubuni, au akaunti moja ya darasa wote waandikie humo, na njia ya pembeni kwa asiyetaka kabisa.

#12 DawatiLaNyuma

Akaunti moja ya darasa naipenda hiyo.

Na video je? Wengi wetu tunajifunzia huko kuliko darasani, semeni ukweli. Hata Salman Khan alianza 2004 kwa kumfundisha binamu yake kwa mbali, 2006 akaanza kuweka masomo YouTube, ikawa Khan Academy. Hakuwa mwalimu.

#13 BibiSeva

Video nzuri, ila zikate. Guo, Kim na Rubin mwaka 2014 walipitia vipindi milioni 6.9 vya watu kutazama video za edX, jukwaa la kozi za mtandaoni. Baada ya kama dakika sita watazamaji wanaanza kuondoka. Mhadhiri wangu mmoja ananiletea faili la saa mbili, ndani yake kuna mlango unagongwa na watu wanahamisha viti. Nani ataangalia?

#14 KalamuNyekundu

Nimesoma yote. Narudi kwenye swali langu la mwanzo, maana limezungukwa vizuri lakini halijajibiwa. Mtoa mada, semista hii hesabu. Si "kundi liliwaka". Hesabu maswali ya somo, mangapi yalijibiwa sawasawa na wanafunzi kabla yako, mangapi yalijibiwa vibaya na yakasimama hivyo, na wangapi tofauti waliandika neno. Ukishindwa sema umeshindwa.

#15 ChakiVumbi

Changamoto imepokelewa. Nimefungua daftari.

#16 ChakiVumbi

MREJESHO. Wiki sita zimepita.

Wakuu, naleta nilichokiona, si chote kinanipendeza.

Wanaoandika wameongezeka sana kuliko semista ile ya ushujaa, na wapokeaji wa zamu ndio sababu: mtu akishaandika mara moja kwa lazima, mara ya pili anaandika mwenyewe. Maswali ya kukokotoa, mengi yanajibiwa sawasawa kabla sijagusa. Maswali ya maana, hapana. "Thamani ya p ni nini hasa?" ilijibiwa na watu watano na wote wakasema ni uwezekano kwamba dhana ya awali (ile ya kwamba hakuna tofauti yoyote) ni kweli. Wakakubaliana. Wakapeana pongezi. Saa 12 zilipotimia kosa lilikuwa limeshaota mizizi, na hata baada ya mimi kueleza kwamba p ni uwezekano wa kupata data kama hii au kali zaidi endapo dhana ya awali ingekuwa kweli, wiki iliyofuata bado nililikuta lile la kwanza kwenye kazi zao. Walilisikia kwanza kutoka kwa wenzao, wakalipenda kwa kuwa ni jepesi.

Kwa hiyo sharti limebadilika. Maswali ya kukokotoa, saa 12 kama kawaida. Swali la "maana yake nini", nawahi baada ya saa tatu. Sitoi jibu, natupa mfano unaolivunja jibu potofu, halafu naondoka tena. Kwa thamani ya p niliwapa sarafu: imerushwa mara 10, imeangukia kichwa mara 9, na umeitoa mwenyewe benki asubuhi hii. Thamani ya p hapo ni ndogo, lakini je, unaamini ni sarafu mbovu? Wamebishana mpaka usiku wa manane.

KalamuNyekundu, waliosoma bila kuandika bado siwajui. Telegram inanionyesha waliomo, hainionyeshi walioelewa.

#17 KalamuNyekundu

Hapo umenijibu. Hiyo sarafu naiazima.

#18 DawatiLaNyuma

Mwalimu, kozi yako inapokea wanafunzi wa kuhamia?